Mume Wangu Hakunywa Maji ya Kisima Chetu

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mkulima wa Nzuguni, upande wa mashariki wa mji wa Dodoma. Haya nayaandika mwenyewe, maana nimechoka kusemewa!

Niliolewa na Yohana, kijana mtanashati aliyesoma Mvumi kwa wamisheni. Alikuwa nyapara wa vibarua wa maji wa Serikali. Tulijaliwa mtoto mmoja wa kiume, Nyemo, mcheshi, mwenye maswali mengi kuliko karani wa kodi.

Miaka hiyo mvua ilitukimbia kabisa. Visima vyetu tulivichimba kwenye mchanga wa korongo, na kila kiangazi tulizidi kushuka chini, mpaka mchotaji akazama asionekane hata kichwa.

Ndipo Mwingereza akaja na mpango wake. Maji yanayomwagwa stesheni, ya kuoshea injini na ya mabafu ya kota za reli, yasipotee bure. Yatulie kwanza kwenye bwawa, kisha bomba liyalete tumwagilie mashamba. Yatakayobaki yamwagwe korongoni, mbali sana juu ya visima vyetu, yazame mchangani taratibu yakijichuja, hadi visima vijae tena.

Mpango mzuri! Hata leo nasema ulikuwa mzuri.

Mzungu mwenye ramani alipigilia vigingi vya njia ya bomba, akaondoka, akamwachia Yohana kazi. Alimwahidi nyumba ya matofali kule Makole, kama bomba litakwisha kabla Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, hajaja kulikagua. Nyumba ya matofali, jamani! Nilikuwa nimeshaanza kuwaringia mawifi zangu.

Bomba likaisha mapema, watu wakashangaa. Maji yakamwagwa korongoni, na baada ya majuma machache visima vikajaa. Lakini hakuna aliyethubutu kuchota. Nani anywe maji waliyoogea watu?

Mkutano ukaitwa pale pale korongoni. Mzee Chilewa, mkubwa wa ukoo wetu, alisimama, akatuamkia "Mbukwenyi!", akamgeukia mume wangu.

"Mwanangu, kwetu mwenye pombe huonja kwanza, ndipo wageni wanywe. Leo mwenye maji ni wewe. Onja tukuone."

Yohana akatutazama mmoja mmoja. Kisha akacheka, akatoa kibuyu begani, akainama kisimani na kuinuka nacho kikichuruzika. Akanywa mpaka tone la mwisho, akafuta midomo! Akina mama tukapiga vigelegele. Mimi ndiye niliyepiga kwa sauti kuliko wote. Siku ile ile nikajaza mtungi wangu.

Kumbe nilikuwa nashangilia nini?

Siku zikapita, nikaanza kuona jambo. Mume wangu hakunywa tena maji ya nyumbani. Kila jioni alirudi kutoka kazini na chupa yake ya maji ya tangi la stesheni, akaniambia chai yake niichemshie hayo, eti tumbo lake limeyazoea. Nikimpa maji kwenye kata, anasema ameshiba. Mtu anashibaje maji kwenye jua la Dodoma? Nilijiuliza, nikaona haya kumuuliza. Mume ni mume, nikajiambia, na mimi si mke wa kuchunguza chupa.

Kisha watoto wa jirani wakaanza kuharisha. Nyemo wangu naye akafuata...

Alikauka midomo, macho yakaingia ndani. Mchana mmoja aliniomba maji kwa sauti ndogo sana. Nikachota mtungini, nikamwinua kichwa. Yohana, aliyekuwa amekaa mlangoni, akaruka akanipiga mkono. Kata ikaanguka!

"Si hayo, Mama Nyemo! Mpe ya chupa!"

Tukatazamana. Nikaiokota kata tupu.

"Kwa nini si haya, Baba Nyemo? Si ndiyo uliyokunywa mbele ya watu?"

Akapiga magoti, akalia kama mtoto. Akasema kipande cha mwisho cha njia kilikuwa mawe matupu, na siku zilikuwa zinakwisha. Akang'oa vigingi vya Mzungu, akaliishilizia bomba karibu kabisa na visima, uchafu usipate hata mchanga wa kuuchuja. Na kibuyu? Kilikuja kimeshajaa maji safi ya tangi la stesheni. Pale kisimani alikilowesha tu kwa nje.

"Na sisi?" nikamwuliza. "Kila siku ulituona tukinywa!"

Akasema alitaka kuniambia, lakini alihofu nitamwambia Mzee Chilewa, na nyumba itaondoka.

Nilitoka nje nikapiga yowe majirani wasinywe yale maji, nikamfunga mwanangu mgongoni, nikashika njia ya Mvumi hospitali. Walimpokea kwa huruma, wakahangaika naye mpaka kesho yake. Nyemo alifia mikononi mwangu, akiwa bado anaomba maji. Ee Mungu wangu!

Yohana alifukuzwa kazi, nami nikamfukuza nyumbani. Nasikia yuko pwani. Bomba lilihamishwa hadi kule lilikopangwa tangu mwanzo. Sasa mashamba yetu yana mchicha na nyanya, wafanyabiashara wa Kihindi wanazifuata huku huku, na visima havikauki. Watu huniambia nishukuru. Nashukuru nini, jamani, wakati kila asubuhi nachota maji ya kumtosha mtu mmoja tu?

Dada zangu, na ninyi akina kaka, nawasihi. Ukiona anayekupa kitu yeye mwenyewe hakigusi, usione haya, usiseme ni mume, ni ndugu, amesoma. Muulize siku hiyo hiyo, hata akikasirika, hata akikupa talaka! Mimi nilitunza heshima ya mume wangu, na mwanangu akanywa.