Maneno Aliyoyakata Shufaa

Harufu ilianzia aya ya kumi na tisa. Saa tisa mchana Shufaa, mkalimani wa mahakama, mtu wa Tanga, alikuwa ugenini, chumbani kwake mtaa wa La Rochelle, akimsomea Marthe hukumu ya mahakama ya rufaa. Hénock, mume wa Marthe, mlinzi aliyezoea kung'arisha viatu vyake, alifungwa miaka kumi na mitano kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, na sasa rufaa yake imetupwa. Shufaa alipofika kwenye maneno "mrufani hakumtaja shahidi hata mmoja," chumba kikanuka dawa nyeusi ya viatu.

"Nilimtaja," sauti ya kiume ikasema nyuma ya kabati.

Marthe hakusikia kitu. "Rudia hapo, maman. Kila nikienda kumuona gerezani anasemaka alimtaja papa Jacques, ule anachunga mlango wa kanisa Troyeville. Ati saa ya ule wizi walikuwa wote kwa maombi. Mimi nikawaza anajipa tu moyo."

Shufaa akakunja karatasi. Alijua.

Siku ya ushahidi yeye ndiye aliyemfasiria Hénock; ilikuwa Ramadhani, kiu imemkaba, na Hénock ni mtu wa kuanzia kwao Uvira ndipo afike kwenye jambo lenyewe. Shufaa akamwacha amalize, kisha akamwambia jaji kwa Kiingereza: anasema hakuwepo. Basi. Naye alikuwa ameapa kwa Mungu kufasiri yote. Uchovu ni wetu sote, hata mimi ninayesimulia nimewahi kuiharakisha sala nikijua. Lakini majaji wa rufaa hawamsikii mtu, wanasoma kilichoandikwa, na kisichoandikwa kwao hakikusemwa.

Sauti haikuondoka. Akamweleza Zabibu, jirani wa chumba cha pili.

"Eish, dada. Jini gani huyo anayefuatilia Kiingereza cha majaji? Lala."

Kesho yake adhuhuri, alipoinama kurukuu, harufu ikamjia puani, na akiwa kwenye sijida akasikia viatu vizito vinatembea kuuzunguka mswala, taratibu, kama mlinzi anayekagua ukuta, vikasimama kichwani pake, na ile sauti ikaanza kueleza habari ya Uvira, na ya kanisa, na ya papa Jacques, neno kwa neno kama siku ile, bila kukata, na kila alipotaka kuinuka kichwa kilikuwa kizito mpaka maneno yote yaishe.

Akaenda mtaa wa Mayfair kwa Shehe Luqman, mtu wa makamo anayesomea wagonjwa. Aya za kwanza tu, jini likasema kwa kinywa cha Shufaa: "Alipoapa nilikuwepo. Kiapo chake tulikisikia na sisi."

Shehe akafunga msahafu. Akasubiri mpaka Shufaa alipozinduka.

"Binti yangu, huyu kisomo hakimtoi. Nenda ukaseme ulichokikata."

"Nitafukuzwa kazi, shehe. Pengine nifungwe mimi."

"Pengine," shehe akasema, kwa upole.

Akaenda kituo cha polisi, wanakogonga muhuri wa viapo, kula kiapo cha maandishi, akakiri yote, akampelekea wakili wa Hénock. Wakili akasema sauti ya Hénock mwenyewe imo kwenye rekodi ya kesi, ataomba isikilizwe upya, na papa Jacques atafutwe. Marthe alipopewa habari hakumtukana. Alimtazama Shufaa, akafunga kanga yake, akatoka bila kuaga.

Harufu ikakoma. Siku nne Shufaa akalala kama maiti, akamshukuru Mungu.

Siku ya tano, baada ya alasiri, alikuwa anakunywa chai mlango wazi, watu wanapita, na sauti ya kike ikamsemesha sikioni bila hasira.

"Dada Shufaa, mimi wa ile kesi ya kutolewa nyumbani, kule Bertrams. Nilimpa jaji sababu nne. Wewe ulimfikishia moja."

Shufaa akaweka kikombe chini. Kazi ile alikuwa ameifanya miaka kumi na mmoja.

"Na mimi," akasema mwingine, mzee.

Halafu nyuma yake, kwenye chumba kile cha mtu mmoja, watu wengi wakaanza kukohoa kidogo kidogo, kila mmoja akisafisha koo, akingojea zamu yake.