Baridi ya Solofo

Jumamosi ile, siku moja kabla ya onyesho, nilitoka saa kumi na moja jioni kwenda kuchukua matoazi ya drami. Kazi ya nusu saa tu. Matoazi ya Rivo yalikuwa yamepata ufa, na fundi wa mjini kwetu Antsirabe alikuwa ameshafunga. Nikakumbuka kuwa yale ya Solofo bado yamo katika chumba chetu cha zamani cha mazoezi, nyuma ya tanuri la matofali, ng'ambo ya mashamba ya mpunga.

"Usichelewe," Bodo aliniambia mlangoni. "Na usipite kwa yule mama muuza pombe."

"Nampita kila siku, dada. Siku hizi hata salamu yangu haitaki."

Akacheka. Mumewe Rivo, aliyekuwa akikaza ngozi za drami uani, akacheka pia. "Mwache kaka yako," akasema. "Huyu sasa hata siki anaiogopa."

Niseme sisi ni nani. Bendi yetu inaitwa Orana Mainty, maana yake mvua nyeusi. Mimi ni Tovo, naimba na kupiga gitaa. Bodo anapiga besi. Solofo ndiye aliyekuwa mpiga drami wetu. Kwa miaka sita tulipiga roki, na watu wa nyanda za juu walipanda lori usiku kucha kuja kutuona. Kisha toaka ikatumeza. Toaka ni gongo yetu ya miwa, na mwanzoni tuliinywa ili tupande jukwaani. Baadaye tulipanda jukwaani ili tupate ya kunywea. Mjini Fianarantsoa nilisahau maneno ya wimbo nilioutunga mwenyewe, watu wakanirushia magunzi ya mahindi. Bodo alianguka jukwaani akavunjika mtulinga. Mwisho tukawa bendi ya harusi, na hata maharusi wakaanza kutukwepa.

Julai moja ya baridi kali, tukirudi kutoka harusini, Solofo alifia barabarani. Watu wanajua kwamba alishuka mwenyewe garini, amelewa, akalala kando ya mtaro. Asubuhi walimkuta na umande ulioganda juu ya nywele zake.

Hivyo ndivyo watu wanavyojua.

Baada ya mazishi, mimi na Bodo tulipelekwa kwenye kambi ya maombi. Wachungaji wa pale huvaa kanzu nyeupe na kuyafokea yaliyomo ndani ya mtu. "Toka!" Kila siku, "Toka!" Wiki ya tatu nilihisi kitu kikinivuka mabegani, kama mtu anayevuliwa koti lililolowa. Nikalia kama mtoto. Nikamuuliza Mama Razafy, mkubwa wa wachungaji, "Likitoka linakwenda wapi?"

"Nje," akasema. "Kazi yako ni kufunga mlango."

Rivo alikuwa mpiga ngoma wa kanisa la kambi. Hajawahi kuonja tone la pombe maishani mwake. Nilipokuwa natetemeka, nashindwa kushika kijiko, ni yeye aliyenilisha uji wa mchele. Jioni alinizungusha uwanjani amenishika kiuno, akinipigia midundo kwa ulimi ili miguu yangu ikumbuke kutembea. Alimwoa Bodo kule kule kambini. Ni yeye aliyesema, "Bendi yenu haijafa. Nipeni hicho kiti cha drami, tuanze upya."

Huyo ndiye Rivo. Nataka mumjue kabla sijaendelea.

Basi nilifika chumbani, nikayakuta matoazi yamejaa vumbi. Nikayafunga kwenye gunia na kugeuza. Jua lilikuwa limezama, mbingu bado nyekundu. Nilishika njia ya tuta jembamba katikati ya mashamba yaliyojaa maji. Matoazi yaligongana mgongoni, ting... ting...

Katikati ya mashamba nikasikia hatua za mtu.

Si nyuma yangu juu ya tuta. Kando yangu. Ndani ya maji.

Chubwi... chubwi... chubwi...

Nikasimama, nazo zikasimama. Harufu ikanijia, ya miwa iliyoungua. Mate yakanijaa mdomoni kabla sijaogopa.

"Ka-kaka Tovo."

Solofo alikuwa na kigugumizi.

Nilitazama mbele, kwenye taa za kwanza za mji. Sikuthubutu kugeuza shingo. Kwa pembe ya jicho niliona umbo la mtu aliyejifunika shuka, maji yakimchuruzika.

"Wewe ni nani?" nilinong'ona.

"U-umenisahau? Uliniambia nitembee nipate akili. Ni-nimetembea."

Gunia likaniponyoka.

Maneno yale niliyasema mimi, usiku ule wa Julai. Solofo alikuwa ametapika garini. Bodo alikuwa amelala nyuma, hajitambui. Nilisimamisha gari, nikafungua mlango, nikamsukuma Solofo kwa mguu. "Tembea, upate akili." Nikaondoa gari. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeyasikia maneno hayo.

"Unataka nini?" nikauliza.

"Ku-kuingia. Baridi, kaka. Nilikuwa na mahali kwako. Pa joto. Wa-wakanitoa."

"Kwangu huingii."

"Ni kifuniko kimoja tu cha chupa. U-unywe, mi nipite."

"Huingii!"

Ghafla vyura walinyamaza. Kisha mkono ukanigusa kisogoni. Ulikuwa baridi kama chuma cha alfajiri, na vidole vyake vilikuwa vingi kuliko vya mtu mmoja...

"Ba-basi taja mwingine. Jina moja tu, nikuache."

Ningeweza kuomba. Nilifundishwa kuomba. Ningeweza kulitaja jina langu mwenyewe.

"Rivo," nikasema. "Ndiye anayekaa kwenye kiti chako."

Mkono ukaondoka. Hatua zikaanza tena ndani ya maji, safari hii kwa kasi, zikielekea mjini.

Mji huo huo niliokuwa naelekea mimi. Ningekimbia, huenda ningewahi. Niliokota gunia, nikatembea polepole.

Nilipofika, Rivo alikuwa uani vilevile, anakaza ngozi ya mwisho. Akapokea gunia, akanishukuru. "Mbona umepauka, kaka? Kaa, nikupe uji."

Nikakaa. Nikanywa uji wake.

Onyesho lilikuwa Jumapili alasiri, mjini Antananarivo, uwanja wa wazi, jua kali. Nilitegemea watu mia mbili wa kutuonea huruma. Walikuja maelfu. Wimbo wa kwanza tulipiga kwa woga, wa pili tukatulia. Wa tatu ukaanza na drami peke yake.

Solofo alikuwa na kasoro moja. Mguu wake uliwahi. Kila kabla ya kibwagizo alipiga drami kubwa mapema kidogo, na sisi tulijifunza kuruka naye. Hakuna mpigaji mwingine aliyeweza kuiga, na wengi walijaribu.

Dum... dudum.

Rivo aliipiga vilevile.

Bodo aligeuka kumtazama mumewe, machozi yakamtoka. Alidhani ni zawadi, kwamba mumewe amejifunza kwa siri kumuenzi marehemu. Uwanja ukalipuka. "Solofo! Solofo!" Watu wazima wanalia, wanarusha kofia. Mimi niliimba siku ile kuliko nilivyowahi kuimba. Niliimba ili nisilazimike kugeuka.

Tuliposhuka, Rivo alikuwa anatetemeka, na jua bado kali. Akaomba koti. Akaomba la pili. Fundi mmoja wa mitambo alikuwa na chupa ya toaka karibu na nyaya zake. Rivo aliichukua, akainamisha kichwa, akainywa yote. Hakukohoa. Hakukunja uso.

"Rivo!" Bodo akapiga kelele. "Wewe! Unafanya nini?"

Rivo akaitazama chupa kama mtu aliyeamshwa.

"Nina ba-baridi," akasema.

Tangu siku ile simu hazikukatika. Redio zilitutaka, watu wa Toamasina walitutaka, tukalipwa vizuri kuliko enzi zetu zote. Na Rivo akawa anakunywa. Halewi. Hapepesuki. Anakunywa tu na kupungua, mashavu yameingia ndani, jiko la mkaa miguuni mchana kutwa. Bodo, aliyekuwa hata harufu ya toaka haivumilii, akawa ndiye wa kumfuta mdomo.

"Nimekosa nini, kaka?" aliniuliza siku moja. "Hebu niambie. Mtu hajawahi hata kuonja!"

"Sijui, dada," nikasema.

Tulimrudisha kambini. Wachungaji wakamzunguka na kanzu zao. "Toka! Toka!" Rivo alikaa katikati yao, ametulia, anatabasamu. Akawa ananitazama mimi. Mama Razafy akaacha kufoka, akafuata macho yake, akanivuta pembeni.

"Hili umelifanyia nini hata likutazame hivyo?"

"Ni Solofo, mama. Marehemu wetu. Analia baridi."

"Una hakika?"

"Anajua mambo ambayo ni mimi na yeye tu tunayajua."

Mama Razafy alinikazia macho. "Siku ile ya mambo hayo, wewe ulikuwa umelewa?"

"Nilikuwa nimelewa."

"Basi mlikuwa watatu, pamoja na lililokuwa ndani yako," akasema, akarudi kwa wenzake.

Sikutaka kumwelewa. Nilimshikilia Solofo. Kwetu marehemu akilalamika baridi, dawa inajulikana: anatolewa kaburini, anavikwa sanda mpya, watu wanacheza naye, anarudishwa. Agosti ile ukoo wa Solofo ulikuwa unageuza wafu wake. Mimi na Bodo tukanunua sanda ya hariri, nzito, ya bei ya juu kabisa. Wachungaji walituonya tusiende. Tukaenda.

Ilikuwa mchana, jua jeupe la kipupwe. Tarumbeta zinalia, watoto wanakimbizana, wali na nyama ya nguruwe kwenye masufuria makubwa. Kaburi likafunguliwa. Wakamtoa Solofo, tukampakata magotini, tukamfunga hariri. Alikuwa mwepesi. Alikuwa mkavu kabisa. Nililia kwa faraja, nikamnong'oneza, "Sasa umepata joto, ndugu yangu. Mwachie Rivo."

Mama yake Solofo, bibi mfupi aliyefunga shuka begani, alikuwa amekaa karibu yangu. Alinisikia.

"Joto gani?" akauliza.

"Alinijia, mama. Aliniambia ana baridi."

Bibi akatikisa kichwa. "Solofo? Hapana. Mwanangu hunijia ndotoni kila mwezi. Yuko na baba yake, wanakula. Hajawahi kusema baridi. Hata kigugumizi kimemwisha."

Tarumbeta ziliendelea. Mimi sikuzisikia.

"Aliniambia pia kuwa ulimsukuma kwa mguu," bibi akasema, sauti ileile ya taratibu, mkono wake bado unainyoosha hariri. "Akasema yeye ameshasahau. Mimi bado."

Bodo alikuwa ameshika ncha nyingine ya sanda. Alikuwa amesikia yote.

"Tovo," akasema. "Nani alikujia?"

Nikamwambia pale pale, Solofo akiwa magotini mwetu. Barabara. Mguu wangu. Tuta la mpunga. Jina nililolitaja. Nilipomaliza nilingoja anipige. Hakunipiga. Aliifunga ile ncha ya sanda, akaikaza vizuri, akafuta mikono.

"Yule alikulisha kwa kijiko," akasema.

"Ndiyo."

"Basi utalala mlangoni kwake. Mpaka limtoke au afe. Wewe, si mimi. Mimi nina mtoto tumboni na sitaki kusikia yanayosemwa mle chumbani mwake."

Sikuwa najua habari ya mtoto.

Ni miezi mitatu sasa. Orana Mainty haipigi tena, na simu zimezimwa. Nimetandika mkeka kambini, kwenye baraza, mgongo wangu kwenye mlango wa Rivo. Sijaonja tone. Mchana Rivo huniomba msamaha kwa kunisumbua, naye hajui nilichomfanyia. Bodo hajamwambia. Mimi pia sijathubutu.

Jioni jua likizama, harufu ya miwa iliyoungua hutoka chini ya mlango. Kisha mnong'ono. Husema taratibu, kwa kigugumizi cha mtu ambaye hana tena kigugumizi.

"Ta-taja mwingine. Jina moja tu, nikuache."

Kisha humtajia Rivo majina, achague mmoja. Mama Razafy. Mimi. Bodo. Mtoto aliye tumboni.

Na kila jioni namsikia Rivo, meno yakimgongana, akijibu, "Hapana."

"Moja tu..."

"Hapana."

Huendelea hivyo mpaka giza liingie. Sauti ya Rivo inazidi kuwa ndogo. Jana ilinibidi nibandike sikio mlangoni ili niisikie.

Yeye ameulizwa jioni tisini, na bado anakataa. Mimi niliulizwa mara moja tu.