Jiko Lililozama Ziwani

Jumamosi Tulia hakuwa na muda wa kulala. Alfajiri alifua sare zake, akasugua masufuria ya bibi yake kwa majivu, kisha akamenya ndizi mbichi mkungu mzima, mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Mjomba Asajile alipofika kwao Bulyaga, Tukuyu, na pikipiki yake, ndizi zilikuwa tayari kwenye ndoo. Tulia akapanda nyuma, akampakata Lilian, binti wa mjomba mwenye miaka sita, wakateremka hadi kwenye ziwa dogo lililozungukwa na migomba.

Mjomba alikuwa seremala. Alikuwa ameunda boti kwa mikono yake, akaiwekea paa la mbao na maturubai ya bluu pembeni ya kukinga mvua. Humo aliwazungusha wageni ziwani na kuwalisha. Nyuma ya boti kulikuwa na kijichumba cha kupikia, chembamba kuliko kitanda cha mtoto. Palikuwa na jiko la gesi na maikrowevu aliyoinunua kwa mwalimu mmoja aliyehama; jiko la mkaa lilikaa ufukoni. Maikrowevu ilitumia umeme wa betri iliyochajiwa na sola ya juu ya paa.

"Tulia, gesi imekwisha," Mjomba alisema huku akifunga mtungi kwenye pikipiki. "Naenda mjini kuubadilisha. Wageni wanafika saa saba. Maikrowevu usiiguse. Ile inakunywa umeme kama ndama aliyefungiwa kutwa. Na jiko la mkaa linawashwa nchi kavu, haliingii botini. Umenisikia?"

"Nimesikia, mjomba."

Boti ilikuwa imefungwa kwenye nguzo ufukoni. Mlio wa pikipiki ulikuwa haujapotea bado Lilian aliposema, "Dada Tulia, eti hicho kisanduku kinapika bila moto?"

"Ndiyo."

"Muongo! Nionyeshe."

Neno hilo lilimchoma Tulia, yeye msichana wa darasa la sita. Akaweka kiporo cha ndizi kwenye sahani, akabonyeza. Dakika moja tu, ndizi zikafuka mvuke. Lilian akapiga makofi. "Tena!" Wakapasha maharage. Wakapasha maziwa. Walipofika kwenye muhogo, inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri, ikatoa mlio mwembamba, taa yake ikazimika, kisanduku kikanyamaza. Tulia akabonyeza huku, akabonyeza kule. Kimya. Tangu asubuhi wingu lilikuwa limefunika anga lote, na sola haikuwa na cha kutoa.

"Umeiua," Lilian alinong'ona.

"Nyamaza wewe! Na usimwambie baba yako."

Tulia akawaza haraka. Mjomba akikuta ndizi za wageni zimeiva, atafurahi, hatakumbuka kuangalia betri. Akawasha jiko la mkaa ufukoni. Makaa yalikuwa ndiyo kwanza yamekuwa mekundu, hayatoi moshi tena, mvua iliponyesha. Mvua ya Tukuyu haibishi hodi. Tulia akakumbuka siku za baridi nyumbani, bibi akisema, "Leteni jiko ndani tuote." Akalibeba mpaka botini, akateremsha maturubai pande zote, akakaza kamba zake moja moja. Akateleka sufuria. Joto likaenea vizuri.

"Kichwa kinaniuma," Lilian alisema baada ya muda.

"Ni kelele za mvua. Lala."

Lilian akajilaza juu ya jaketi la kuokolea, akalala kweli. Tulia naye alisikia kichwa kikigonga kama mtu anayetwanga mahindi. Alipojaribu kusimama, miguu ililegea. Ndipo aliposikia pikipiki.

"Tulia!"

Tulia akashtuka. Jiko! Akafungua turubai, akaepua sufuria, akalishika jiko kwa kitambaa, akalitupa ziwani. Maji yakafoka, mvuke ukaruka, jiko likazama. Hakuna aliyeona.

"Lilian, amka. Baba amekuja."

Lilian hakuamka. Tulia akamtikisa. Kichwa cha mtoto kikaangukia upande, kama cha mwanasesere wa matambara.

Mjomba aliuachia mtungi ukabiringika kwenye tope. Alimbeba mwanawe mbio hadi kwenye pikipiki. Njia nzima, Tulia alimkumbatia Lilian nyuma ya pikipiki na kulia bila sauti.

Kwenye zahanati, nesi Doreen aliuliza, "Amekula nini huyu?"

"Ndizi na maharage," Mjomba alijibu. Sauti yake ilikuwa kavu. "Asubuhi alikuwa anarukaruka kama mwanambuzi."

"Basi tumpime malaria. Au labda ni sumu kwenye chakula."

Tulia alikuwa amesimama ukutani, viganja vyake vyeusi kwa masizi amevificha nyuma. Akisema, mjomba atajua yote: betri, jiko, uongo. Asiposema, hakuna atakayejua. Jiko liko chini ya maji. Mkono mdogo wa Lilian ukateleza, ukaning'inia kitandani.

"Si chakula!" Tulia alipaza sauti. "Ni jiko! Niliingiza jiko la mkaa botini, nikafunga maturubai. Nimelitupa ziwani ili mjomba asilione!"

Mjomba alimtazama mdomo wazi, kama mtu asiyemfahamu. Doreen hakugomba. Aligeuka mbio. "Leteni oksijeni! Huyu amevuta hewa mbaya ya mkaa. Na wewe, binti, kaa hapa, nawe uvute."

Ulipita muda ambao Tulia aliuona mrefu kuliko muhula mzima. Kisha kope za Lilian zikatikisika.

"Ndizi zimeiva?" aliuliza.

Mjomba akaufunika uso kwa viganja, akalia mbele ya watu.

"Makaa yakiwa mekundu bila moshi, watu hudhani ni salama," Doreen alisema. "Hewa yake haionekani wala hainuki. Hulaza mtu usingizi wa moja kwa moja. Ungechelewa kusema ukweli, dada, tungekuwa bado tunatafuta malaria."

Jioni, Tulia alimsimulia bibi kila kitu, bila kuruka hata maziwa na muhogo. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kulikuwa na baridi, na jiko la mkaa liliwaka katikati ya chumba kama siku zote. Bibi akalitazama kama aliyemkuta nyoka chini ya kitanda chake.

"Kumbe ni mimi niliyekufundisha," alisema. Akainuka, akalibeba jiko mwenyewe mpaka nje, akarudi na kufungua dirisha. Kisha akajitanda kitenge, akamketisha Tulia karibu yake.

"Mjukuu wangu, kosa si jambo la ajabu. Hata mimi mzee nimekosa miaka yote hii. Lakini kosa ukilizamisha, linaendelea kuua huko liliko. Betri iliyokwisha, jua likitoka litaijaza. Mtoto akizimika, utamchaji kwa kitu gani?"

Tulia alijisogeza ubavuni kwa bibi, na baridi ya dirishani ikawapiga wote wawili, na hakuna aliyenyanyuka kulifunga.