Dakika Arubaini za Rubani

Lakiri ya kasha la dawa ilikuwa imekatwa kwa kisu. Daktari wa Chake Chake alihesabu chupa za dawa ya dondakoo mara tatu: kumi, wala si kumi na mbili. Kufika adhuhuri, siku hiyo ya mwaka 1938, Pandu alikuwa amekwisha tiwa pingu. Ndiye mlinzi wa kiwanja cha ndege cha Wawi, na ndiye aliyelipokea kasha.

Inspekta Soud alimkuta ameketi sakafuni kituoni.

"Ulilifungua?"

"Mie sikulifungua, bwana. Nililitwaa ndegeni, nikalitia garini. Basi."

"Ndege ilitua saa ngapi?"

"Saa tatu na dakika kumi. Niliandika kitabuni."

Soud aliisoma simu ya Tanga: ndege imeondoka saa mbili kamili. Tanga hadi Wawi ni maili hamsini na mbili, safari ya nusu saa. Upepo haukuwapo asubuhi ile. Dakika arubaini zilipotelea wapi?

Alikwenda kuikagua ndege. Udongo wa Wawi ni mwekundu. Magurudumuni mlikuwa na mchanga mweupe, mbichi bado, na nyuzi za mwani.

Rubani, Nurmohamed wa Tanga, alikuwa akinywa chai kibandani.

"Ulitua wapi kabla ya hapa?"

"Sikutua popote. Niliyakwepa mawingu."

"Mawinguni hakuna mwani, Bwana Nurmohamed."

Rubani akaweka kikombe chini.

"Makangale, kaskazini ya kisiwa," alisema. "Pwani, bahari imekupwa. Mwaka juzi nilianguka na ndege huko, ikashika moto. Bi Mwanawema alinivuta kwa mikono yake. Makovu anayo mpaka leo. Jana mvuvi kaniletea habari: mjukuu wa bibi huyo ana dondakoo, dresa wa zahanati ya huko ana sindano, dawa hana. Ningeomba kwa barua, mtoto angezikwa kabla ya jibu."

"Na Pandu?"

"Pandu yupi?"

"Mlinzi. Yumo ndani kwa chupa zako."

Nurmohamed akasimama, rangi imemtoka. "Nipeleke kwake."

Alasiri polisi wa Wete, ambao Soud aliwatuma Makangale, walipiga simu: mtoto kadungwa sindano, anapumua vyema. Soud akamfungua Pandu pingu kwa mkono wake. Rubani alieleza yote mbele yake, hakujitetea, akaomba radhi.

Pandu alisugua vifundo vya mikono. "Mtoto yu hai?"

"Yu hai."

"Alhamdulillahi. Radhi nimekupa. Lakini ningelifungwa mie, bwana, nami nina wana wa kulea."

"Najua," alisema Nurmohamed, akamnyooshea Soud mikono.

Hati ya mashtaka yenye jina la Pandu ilikuwa mezani, yangoja sahihi tu. Soud aliichana, akavuta karatasi nyingine.

Pandu alisita mlangoni. "Mungu akulipe, Bwana Inspekta. Wenzio wote waliniuliza nimeficha wapi. Wewe uliniuliza saa."