Maji ya Rejeta

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya skuli, Saada alichukua kidumu cha maji akaenda nyuma ya nyumba. Huko, kando ya kibanda cha kuni, ndiko lilikolala gari la baba yake. Lilikuwa gari dogo, kuukuu. Zamani rangi yake ilikuwa buluu, lakini sasa imepauka kama kanga iliyoanikwa juani miaka mingi. Mlango wake wa nyuma ulifunguka kwenda juu ukakaa kama paa la kibaraza. Lilikuwa limepita mikono ya watu wengi huko Unguja kabla ya kupakiwa melini na kuletwa Pemba.

Baba yake, Silima, alikuwa seremala pale Konde. Alilinunua lile gari apakie mbao na viti vya wateja, lakini tangu siku lilipofika, nyumba nzima ilichangamka. Mama yake, Khairiya, hakujitwika tena magunia siku ya soko. Jirani akiugua, hakuna aliyehangaika kutafuta usafiri. Mvua ikinyesha, Saada aliomba ruhusa akae ndani ya gari asikilize matone yakipiga juu ya bati, vioo viingie ukungu, naye achore kwa kidole visiwa asivyowahi kufika. Milango haikufungika mpaka ibamizwe, na dirisha moja lilishushwa kwa kusukumwa na kiganja, wala hapana aliyelalamika. Watoto wa mtaani waliliita Kobe. Silima alipolisikia jina hilo alicheka, akasema kobe hana haraka, lakini hajalala njiani hata siku moja.

Hata hivyo, Kobe alikuwa na maradhi yake. Rejeta, yaani lile sanduku la mbele lenye maji ya kupoza injini, ilikuwa ikivuja kidogo kidogo. Mshale wa kuonesha joto nao ulikuwa umekufa zamani, haupandi wala haushuki. Fundi alikuwa ameagiza rejeta nyingine, na ilikuwa bado haijafika. Kwa hivyo maji yalipaswa kutazamwa kila asubuhi injini ikiwa imepoa, na yakipungua yajazwe. Kazi hiyo Silima alimkabidhi Saada. Alimfundisha kufungua boneti na kifuniko, akamkanya asikiguse kamwe kifuniko hicho injini ikiwa moto, maana maji yanayochemka huruka yakaunguza uso.

Saada aliipenda kazi hiyo na aliifanya vizuri. Ila alikuwa mtoto wa mawazo. Mama yake alizoea kusema kwamba Saada anaweza kuondoka zake, akauacha mwili peke yake jikoni.

Ikafika Jumamosi moja ya msimu wa karafuu. Babu yake Saada, Mzee Hafidh, alikuwa amejiandaa kwa safari ya Chokocho, kusini ya kisiwa, akaonane na dada yake, Bi Kazija, anayeishi Kisiwa Panza. Tangu Mzee Hafidh alipoanguka na kuumia nyonga, hakuweza kupanda gari za abiria. Mitikisiko na mabenchi yake vilimtesa. Kwa muda mrefu ndugu hao wawili walisikia sauti tu katika simu. Sasa, kwa kuwa nyumbani mna gari, waliahidiana. Bi Kazija atavuka kwa mashua asubuhi maji yakiwa yamejaa, wakutane Chokocho, wazungumze, kisha arudi kabla maji hayajatoka. Yakishatoka, mashua hulala matopeni mpaka yajae tena.

Asubuhi hiyo Saada alitoka na kidumu chake kama kawaida. Umande ulikuwa bado juu ya vioo. Kabla ya kufungua boneti, aliona bora akae kidogo tu nyuma ya usukani. Akaufunga mlango, akashika usukani kwa mikono miwili. Punde gari likaanza kwenda, ndani ya kichwa chake. Lilipita barabara ya Konde bila kugusa lami, likashuka pwani, likaendelea juu ya maji, na samaki wakatoa vichwa kulitazama. Alikuwa amefika mbali sana aliposikia sauti ya baba yake ikimwita. Alishtuka, akatoka mbio, akakiacha kidumu chini kando ya gurudumu.

"Saada, maji umetia?" Silima aliuliza, huku akimshika Mzee Hafidh mkono amwingize kiti cha mbele.

"Nimetia, baba."

Neno lilimtoka kwa wepesi, kwa sababu siku zote lilikuwa kweli. Alitaka kulirudisha, lakini mama yake alikuwa tayari anampa kikapu chenye mkate wa kumimina na halua ya Wete, na injini ilikuwa imeshawaka. Saada akajiambia kuwa jana maji yalikuwa mengi. Akapanda nyuma.

Safari ilikuwa tamu kama usingizi wa mchana. Barabara ilipanda vilima na kushuka mabondeni, na kila penye nyumba palikuwa na majamvi ya karafuu yaliyotandazwa juani. Harufu yake iliingia dirishani ikajaa garini. Mabonde ya mpunga yalipita, minazi ikapita, na kivuli cha gari kikawafuata pembeni, kikiruka majani na mawe bila kuumia. Mzee Hafidh alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia yake ya Idi. Alisimulia jinsi dada yake alivyokuwa akimbeba mgongoni kuvuka kijito, na jinsi siku moja walivyoanguka wote wawili wakarudi nyumbani wamelowa, wakamwambia mama yao kuwa ni jasho. Silima alicheka mpaka gari likayumba kidogo. Saada naye alicheka, akaegemeza kichwa kwenye kioo, akawa hajui tena ipi njia na ipi ndoto.

Walipokwisha kupita Chake Chake na kuanza kupanda kilima kirefu, ilimjia Saada harufu nyingine. Ilikuwa kama ya sufuria iliyosahauliwa jikoni. Silima naye aliinusa. Alisema labda watu wanachoma makonyo, vile vijiti vya karafuu, huko bondeni, na Mzee Hafidh akakubali kuwa huenda.

Saada akaketi wima. Alijua kuwa si makonyo. Akisema, watasimama, na wakisimama watachelewa, na Bi Kazija ataondoka na maji. Na babu atajua ni kwa sababu ya nani. Akinyamaza, pengine harufu itaondoka yenyewe. Alimtazama babu yake kwa nyuma. Mzee alikuwa akiiweka sawa kofia yake, kama kwamba dada yake yuko pale kwenye kona inayofuata. Injini ikaanza kunguruma kwa taabu.

"Baba, simama," Saada alisema. "Sikutia maji. Nilikwambia nimetia, lakini sikutia."

Silima aliliweka gari pembeni, akalizima. Alipoinua boneti, mvuke ulipanda kimya kimya. Mzee Hafidh aliangalia mbele tu, mikono juu ya magoti.

Karibu na hapo palikuwa na nyumba, na mwanamke mmoja alikuwa akigeuza karafuu zake. Silima alimwambia Saada aende mwenyewe akaombe maji. Alikwenda, akaamkia, akaeleza shida yao. Mwanamke yule alimpa ndoo ya maji na jamvi la mzee kukalia. Lakini maji hayakutiwa. Silima alisema lazima wangoje mpaka injini ipoe, maana kuifungua sasa ni kujitafutia majeraha, na maji baridi yanaweza kuipasua. Alijaribu kumpigia simu Bi Kazija, lakini hapo mtandao haukushika. Basi wakangoja. Kivuli cha mti kikahama taratibu, jua likapanda, na gari baada ya gari likawapita kuelekea kusini. Saada alikuwa hana ndoto yoyote. Alikuwa akiwaza maji ya bahari, jinsi yanavyoondoka Chokocho bila kumsubiri mtu.

Hatimaye Silima alifungua kifuniko kwa kitambaa, akajaza maji, akawasha. Injini ilikohoa, ikashika. Walishukuru, wakaendelea polepole. Wakapita Mtambile, wakashika njia ya Chokocho.

Walipofika pwani, maji yalikuwa yameshatoka. Mashua zilikuwa zimelalia ubavu matopeni, na ndege weupe wakitembea baina yake. Juu ya jiwe, chini ya mwavuli, alikuwa amekaa bibi kizee mwembamba.

Mzee Hafidh alishuka kabla hajashikwa mkono. Bi Kazija alisimama, mwavuli ukamwanguka. Walishikana mabega, wakatazamana. Kisha Bi Kazija akamwambia ndugu yake kuwa amezeeka, naye akamuuliza kama yeye kwake hana kioo. Wote wawili wakacheka huku wanajifuta machozi.

Bi Kazija alieleza kuwa wenye mashua walimwita mara nyingi, naye akakataa kupanda. Amengoja muda wote huo, hawezi kurudi bila kuuona uso wa ndugu yake.

Silima aliuinua mlango wa nyuma wa gari, ukawa paa. Wazee waliketi kwenye buti, miguu inaning'inia, wakala mkate wa kumimina na halua kivulini. Saada hakula. Alimwendea Bi Kazija, akampa mkono, akamwambia kuwa wamechelewa kwa sababu yake, na akaeleza yote, hata uongo wake.

Bi Kazija akauliza kama gari hilo lina nafasi ya mtu mmoja zaidi. Silima alisema ipo. "Basi mimi nawafuata Konde," alisema bibi. "Maji yameshaondoka, nami nimechoka kumsikia ndugu yangu katika simu. Nitakaa kwenu siku chache." Akampigia simu binti yake huko kisiwani, akamwambia asimngoje.

Saada alifurahi mno, akasema kwa sauti ndogo kwamba kumbe kuchelewa kwao kumeleta kheri.

Mzee Hafidh alikiweka chini kipande chake cha mkate. "Njoo ukae hapa, mjukuu wangu," alisema. "Kheri hii ni ya Mungu, usiihesabu kuwa ni ya uongo wako. Uongo wako ulikuwa unatulaza njiani. Injini ingeungua, nami ningerudi Konde na kofia yangu ya Idi bila kumwona dada yangu. Kilichotufikisha hapa ni ile kweli uliyoisema pale kilimani, ingawa uliiogopa. Kuota si kosa. Mimi pia nilikuwa mtoto wa kuota. Lakini mtu akikuuliza kama umefanya kazi, na hujaifanya, sema hujaifanya. Hapo bado kuna muda wa kutengeneza. Ukingoja, muda huo unaupunguza mwenyewe."

"Nimesikia, babu. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Muombe na baba yako."

Saada alimwendea Silima, akamwomba radhi. Silima alimshika kichwa, akamwambia kuwa kazi ya maji ya rejeta itabaki kuwa yake, kwa sababu sasa anajua ina uzito gani.

Alasiri waliondoka. Mzee Hafidh alihamia kiti cha nyuma akae na dada yake, na njia nzima ya kurudi, kilima baada ya bonde, wazee wale wawili hawakunyamaza.