Kapu la Mama Ernestina

Siku ile nilikuwa nimefua nepi za mwanangu Gilbert na kuzianika kwenye kamba ya kibarazani, na jua la Durban lilikuwa linazikausha hata kabla sijamaliza beseni. Ulikuwa mwezi wa tatu, mwaka 1998. Tulikaa Albert Park, ghorofa ya nane, mimi na mume wangu Protas anayepakua makontena bandarini, na Gilbert wa miezi minane, na mdogo wangu Bupe. Bupe alikuwa na miaka ishirini, anasoma technikon, chuo cha ufundi, mambo ya maabara, kupima damu za watu. Mimi niliishia kidato cha nne. Huyu ndiye aliyekuwa anakwenda mbele kwa niaba yetu sote, na baba kule Tukuyu alikuwa akimtaja kanisani kila Jumapili mpaka watu wanachoka.

Alasiri nikambeba Gilbert mgongoni, nikashuka na Bupe kununua mkate. Lifti ilikuwa imekufa tangu Krismasi. Tuliporudi tukamkuta mama mmoja mtu mzima amesimama chini ya ngazi, kapu mkononi limefunikwa kitenge, anahema. Ni jirani yetu wa mlango wa mwisho. Wote walimwita Mama Ernestina, ingawa huyo Ernestina mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Nipokeeni basi, miguu imekataa."

Bupe akapita. Alikuwa na kitabu kwapani, ana haraka ya kusoma. Nikamvuta mkono.

"We Bupe! Mtu mzima anakwambia nipokee na wewe unapita? Ndivyo tulivyolelewa?"

Mimi huyo. Kwa mdomo wangu huu. Maana kwetu hilo halina mjadala, mtu mzima akija na mzigo unakwenda kumpokea, hata ukiwa kiberiti kimoja, na usipompokea utasemwa wewe na mama aliyekuzaa. Nami nilikuwa na mtoto mgongoni na mkate mkononi, kwa hiyo akapokea Bupe. Alipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akapanda nalo mpaka juu. Mlangoni akamnyooshea mwenyewe. Mama Ernestina alikuwa ameificha mikono nyuma.

"Weka tu hapo chini, mwanangu. Umenipokea vizuri."

Tulipoingia ndani Bupe akacheka. "Dada, kapu lenyewe jepesi hilo! Kama halina kitu."

Tangu hapo ikawa kila siku. Saa kumi Bupe akirudi chuoni, yule mama yuko chini ya ngazi na kapu lake. Mimi nilifurahi! Niliona mdogo wangu kapata baraka za mtu mzima ugenini.

Wiki ya pili Bupe akaanza kulala na kijiko mdomoni. Ya tatu akalala amesimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, zikabadilika mara nne, magari yanampigia honi, mpaka mtu akamshika bega. Siku moja alirudi na duara jekundu kuzunguka jicho, nikadhani kapigwa. Kumbe alilala ameinamia hadubini, kile chombo cha kutazamia vijidudu, wenzake wakamwacha humo muda wote wa somo. Walifikiri anatazama.

Alihangaika huyo mtoto, asikwambie mtu. Alisoma ametumbukiza miguu kwenye beseni la maji baridi. Alikunywa kahawa mpaka mikono inatetemeka, na huku inatetemeka analala. Kliniki wakampima damu, wakasema damu nzuri. Chuoni wakampa karatasi ya ushauri kwa wanafunzi wanaochoka: kunywa maji, kula asubuhi, lala kwa saa nane, usisome kitandani, fanya mazoezi, panda ngazi. Panda ngazi! Akaibandika ukutani, akafanya yote, moja baada ya jingine, kama mtu anayemeza dawa. Ile karatasi ningempata aliyeiandika ningemlisha.

Protas naye. "Mdogo wako mvivu tu. Au ana mimba."

"Shemeji," Bupe akajibu amefumba macho, "ningepata wapi nguvu ya kuitafuta?"

Tulicheka. Nakumbuka tulicheka.

Wakati huohuo nikawa nasikia mtu anapanda ngazi zetu mbiombio, anaruka mbili mbili, nikasema hawa watoto wataanguka. Siku moja nikafungua mlango nimkemee. Alikuwa Mama Ernestina. Hakuwa anahema hata kidogo.

Mwezi wa tano Bupe alikuwa kakonda, viganja vyote viwili vina mstari wa mshikio wa kapu, mstari mwekundu usiofutika hata umsugue na mafuta. Mtihani wa Juni ulikuwa umebaki wiki tatu. Akifeli chuo kinamtoa, akitolewa kibali kinaisha, anarudi Tukuyu mikono mitupu. Lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kuogopa kitu kingine. Nilikuwa naogopa asiamke.

Nikashuka kumuuliza Chacha, mlinzi wetu wa getini, Mkurya wa Tarime anayeona kila anayetoka na kuingia.

"Chacha, yule mama wa mlango wa mwisho ni mtu wa namna gani?"

Akaangalia ngazi kwanza. Akashusha sauti. "Kwani mdogo wako bado anambebea?"

"Bado? Bado nini?"

"Shemeji, mimi aliniambia nipokee siku ya kwanza tu alipohamia. Nikamwambia hapa nalinda, sibebi. Wenyeji nao hawabebi, wanampita. Ni nyinyi wenye adabu zenu ndio anawapata." Akaangalia ngazi tena. "Kulikuwa na kijana wa Kikenya, Kiptoo, mwanafunzi, mkimbiaji wa chuo. Alimbebea mwaka mzima. Walimpandisha ndege amekaa kwenye kiti cha magurudumu, kichwa kimelala hivi. Na kabla yake msichana wa Kikongo. Nimekuwa nikipiga doria huko juu, naona. Anampa mtu kapu mkononi. Lakini yeye halipokei mkononi. Hata siku moja. Ni weka chini, weka chini."

"Ulijua ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Kwamba mtu anaumwa kwa kubeba kapu tupu?"

Nilimtukana. Sitaandika nilivyomtukana, ila Chacha na urefu wake wote aliingia kibandani mwake akafunga mlango. Hasira zile zilikuwa zake nusu. Nusu zilikuwa zangu mwenyewe, kwa ule mkono niliomvuta Bupe.

Asubuhi iliyofuata Bupe hakuinuka. Nikamtikisa. Macho nusu wazi. Nikamwita.

"Dada, nimechoka."

Sauti niliisikia vizuri. Midomo yake haikutikisika.

Saa kumi juu ya alama nikamfunga Gilbert mgongoni nikashuka. Jua kali, watoto wanacheza mpira uani, redio inaimba dirishani kwa watu. Alikuwa pale pale.

"Binti yetu yuko wapi leo?"

"Amechoka, mama."

"Pole yake. Basi nipokee wewe, mwanangu."

Nikalipokea. Kweli, jepesi. Kama halina kitu. Alitangulia yeye, anapanda huku anaimba puani, nami nyuma. Ghorofa ya pili, sawa. Ya nne, kapu bado jepesi, ila magoti yakaanza kuwa mazito. Kisha macho. Kisha nikasahau ninakwenda wapi. Ghorofa ya sita nilitamani kulala pale pale kwenye ngazi, kwenye mikojo ya paka, shavu kwenye saruji. Nikajiuma ulimi. Nikaonja damu. Nikapanda.

Mlangoni kwake akageuka. Mikono nyuma.

"Weka hapo chini, mwanangu."

"Siweki."

Akatabasamu. "Weka chini ukapumzike."

"Pokea, mama. Hili ni lako."

Hatukupaza sauti. Tulinong'ona, kama watu wenye mgonjwa ndani. Akanisogelea, akachungulia juu ya bega langu.

"Una mtoto mzuri. Amelala?"

Gilbert alikuwa macho, nilikuwa namsikia anavuta nywele zangu. Akaacha. Kichwa chake kikaniangukia mgongoni. Pu. Kama jiwe.

Hapo woga ukaisha. Sijui ulikwenda wapi. Nilipiga ukelele ambao nilipomzaa huyo mtoto sikuupiga, nikaita watu, tokeni, tokeni nyote, na milango ikafunguka, ukumbi wote ule wa ghorofa ya nane. Yule mama akafikiri nitamtukana au nitamvamia, nikaona amejiandaa. Sikumgusa. Nikapiga magoti. Magoti yote mawili, kama anavyosalimia mwanamwali wa kwetu, nikainamisha kichwa, nikamnyooshea kapu kwa mikono miwili mbele ya watu wote.

"Mama yangu, mzigo wako huu. Nakuomba upokee."

Watu wakamtazama. Mikono yake haikutoka.

"Mama, kamata basi!" akasema Mkongo mmoja wa mlango wa tatu. "Mutoto iko napiga magoti!"

"Kwani ni nini?" Huyo alikuwa Truphosa, Mkenya, jirani yangu wa ukutani. "Mama Ernestina, msichana amekupigia magoti na mtoto mgongoni na unamwangalia tu? Hiyo ni tabia gani?"

"Pokea, mama," akasema mwingine. "Pokea!" Wakawa wengi. Hawakujua wanachosema. Walimwona tu mtu mzima anakataa heshima, na hilo hakuna mmoja wetu pale aliyeweza kulivumilia.

Miaka miwili alikuwa mama wa wote. Akatazama huku. Akatazama kule.

Mikono ikatoka nyuma.

Mimi ndiye niliyekuwa karibu, niliiona. Uso wake ulikuwa wa miaka sitini. Mikono ilikuwa ya msichana. Laini, kucha fupi, ina wino. Na kwenye kidole cha kati, pale inapokaa kalamu, ilikuwa na sugu ya mwanafunzi.

Akapokea.

Kitenge kikaanguka. Ndani ya kapu hamkuwa na kitu. Hata unyasi. Lakini yeye alishuka nalo kama aliyepewa gunia la saruji, akakaa sakafuni, mguu mmoja umekunjika vibaya chini yake, wala hakuunyoosha. Gilbert akalia mgongoni mwangu. Sijawahi kupenda kilio cha mtoto namna ile.

"Nimechoka," Mama Ernestina akanong'ona. Akajiburuta mpaka ndani kwake, kapu kifuani. Mlango ukajifunga polepole.

Nilimkuta Bupe amekaa jikoni, anakula mkate mkavu, ameshamaliza nusu. "Dada," akasema, "kwani leo siku gani?"

Kesho yake mwenye nyumba alifungua mlango ule. Hakumkuta mtu, na Chacha aliapa kwa mama yake kwamba hakuna aliyepita getini. Katika chumba kile hamkuwa na kitanda, wala godoro, wala mkeka, wala kiti. Hamkuwa na kitu hata kimoja ambacho mtu angeweza kupumzikia.

Tulihamia Overport wiki hiyohiyo. Protas hakubisha, na ile habari ya uvivu hajairudia tena, na ajaribu. Bupe alisoma wiki tatu, akichoka analala, akilala anaamka, kama binadamu wengine. Akafanya mtihani wake wa Juni. Akafaulu, tena sana, na nilipiga simu Tukuyu nikasikia baba analia.

Sasa kilichonifanya niandike haya ni jambo la wiki iliyopita. Mwalimu wa Bupe alimwita ofisini, akamwonyesha karatasi zake za majibu, akamuuliza kwa upole kama ni zake. Bupe akasema ni zangu, nakumbuka nilivyoandika zote, nilikuwa na nguvu siku hiyo. Mwalimu akampa nakala aje nayo nyumbani. Iko hapa mezani.

Kurasa mbili za kwanza ni mwandiko wa Bupe. Naujua, mimi ndiye niliyemfundisha kuandika. Ukurasa wa tatu ni mwandiko mwingine, mkubwa, umelalia kushoto. Wa tano mwingine tena, mwembamba, umeandikwa kwa Kifaransa, na Bupe hajui Kifaransa hata cha kusalimia. Majibu yote ni sahihi. Ukurasa wa nane ni wa mtu wa nne, ambaye Chacha hakumtaja. Anaanza vizuri juu ya mstari, halafu herufi zinaanza kushuka, zinashuka, zinapita mistari, mpaka zinatoka nje ya karatasi katikati ya neno.

Mwalimu alimwambia neno lile halikuishia hapo. Liliendelea kwenye ubao wa meza, likateremka mguu wa meza, likapita sakafuni kwa wino uleule, mstari mmoja wa herufi ndogondogo, mpaka mlangoni na nje. Wasimamizi wawili waliokuwepo wameandika na kutia sahihi kwamba katika saa tatu zile Bupe hakuinuka kitini. Sakafu wameisugua kwa sabuni mara tatu.