Njia Mbili za Ilinca

Ilinca alizoea kuwaza mambo makubwa wakati wa kukamua kondoo. Asubuhi ile, kabla ya kwenda shule, aliegemeza paji la uso kwenye ubavu wa kondoo na kuupitia tena mpango wake wa chuo kikuu. Alikuwa kidato cha mwisho. Alitaka shahada moja yenye masomo mawili, uchumi na sayansi ya siasa, kule mjini Cluj.

Haikuwa kazi ndogo. Vitivo vilikuwa viwili, na kila kimoja kina mihadhara yake. Jioni nyingi alikaa na mwalimu wake wa historia wakipanga ratiba zisigongane: uchumi asubuhi, siasa mchana. Takwimu angesoma mara moja tu, maana vitivo vyote viwili vinaitaka. Mwaka wa mwisho angeandika tasnifu moja ya kuridhisha pande zote. Mpango ulikamilika. Kilichokosekana ni kauli ya baba.

"Njia mbili zilimshinda fisi," alisema Toader, baba yake, akipokea ndoo. "Chagua moja, nitakusomesha hata nikiuza kondoo. Ukishika mbili utanirudia na nusu ya hiki na nusu ya kile, kama suruali ya mguu mmoja."

"Lakini baba..."

"Hiyo lakini yako iweke mfukoni. Kesho tunapima maziwa. Siku kipimo kitakapokwisha na watu watakapokaa kula, utataja somo moja. Usipotaja, nitakutajia."

Kupima maziwa si mchezo. Kondoo wa nyumba zote huungana kundi moja na kukaa mlimani majira yote ya joto chini ya mchungaji mkuu. Siku ya kipimo kila mtu hukamua kondoo wake, na kijiti chenye alama huchovywa ndooni. Jinsi kijiti kilivyolowa siku hiyo, ndivyo utakavyogawiwa jibini mpaka majani yakauke. Na kipimo hakirudiwi.

Mwaka ule mto ulifurika ukafunga daraja. Watu wa ng'ambo ilibidi wazunguke mbali, na kondoo wao walifika wakiyumba, matumbo matupu. Floarea, mjane wa ng'ambo, alikamua mpaka vidole vikamuuma. Kijiti kikalowa nchani tu.

"Pima tena wakishakula," alimwambia Pantelimon, mchungaji mkuu.

"Kipimo hakirudiwi, Floarea. Hakikurudiwa hata kwa babu yako."

"Babu yangu hakuzungushwa milima yote hii! Basi sisi wa ng'ambo tunaondoa kondoo wetu."

"Waondoke!" alipaza sauti mtu wa upande wa huku. "Watajua kama jibini huokotwa njiani!"

Ilinca alipiga hesabu upesi, akapanda juu ya gogo. "Jamani, wakiondoka, ujira wa mchungaji utatuangukia sisi tutakaobaki. Tutaambulia jibini kidogo kuliko mwaka wa ukame. Tuwaongezee robo ya kipimo chao, yaishe."

Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Hakuna aliyeitaka.

"Robo?" Floarea alishika kiuno. "Nimekuja hapa kuomba?"

"Na wewe nani kakupa robo za kugawa?" akadakia mwingine. "Chuoni hajafika, tayari ni waziri!"

Watu walicheka. Toader aliishusha kofia mpaka machoni. Ilinca akashuka kwenye gogo, masikio yakimwaka moto. Alitamani kukimbilia nyumbani, lakini aliliona kosa lake. Alikuwa amewagawia watu mali yao bila kumuuliza hata mmoja.

Akaanza kuzunguka.

"Mjomba Pantelimon, unaogopa nini tukirudia?"

"Kila mwaka mwenye kondoo wa kikohozi atataka kurudia, binti yangu. Nitapima mpaka theluji ianguke."

Floarea alisema hataki huruma ya mtu. Anataka kondoo wake wale kwanza, kisha wapimwe kama wa wenzake. Wa upande wa huku wakamnong'oneza Ilinca kwamba wa ng'ambo wakipewa siku watakwenda kuwashindilia kondoo wao mahindi nyumbani.

Ilinca alirudi kwenye gogo. Safari hii alizungumza polepole.

"Kondoo wote wabaki hapa mlimani wiki nzima, wale majani mamoja. Kisha tupime wote upya, wa huku na wa ng'ambo. Kijiti kishikwe na watu wawili, mmoja kila upande. Na iwe sheria: kipimo hakirudiwi ila mto ukifunga daraja. Anayekubali avue kofia."

Kondoo mmoja akalia. Kisha Pantelimon, ambaye hata mvuani havui kofia, aliivua. Zikafuata nyingine, huku na ng'ambo. Floarea hakuwa na kofia. Alifungua kitambaa chake cha kichwani akakipunga juu. Wa mwisho alikuwa Toader.

Wiki ilipokwisha wakapima. Kijiti cha Floarea kililowa kupita katikati, na yeye ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Hakuna nyumba iliyoondoka. Watu wakakaa kula ugali wao wa mahindi, mamaliga, na jibini bichi, fidla zikilia. Toader akasimama.

"Haya, taja."

"Uchumi na siasa, baba." Sauti ya Ilinca haikutetemeka. "Fisi alishindwa kwa sababu njia zake ziliachana. Zangu zinakutana. Zimekutana hapa hapa mlimani."

Toader akawageukia watu. "Siku ile alipokuja na hesabu tupu mlimcheka, nami niliona haya. Alipokwenda kuwauliza, mkamsikiliza. Lakini asingekuwa na hesabu, angewauliza nini?" Akamshika binti yake bega. "Nilikosea mimi. Hesabu bila kuuliza watu haiwafai watu, na kuuliza bila hesabu ni porojo. Nenda na zote mbili, mwanangu. Ila ujue utafanya kazi ya watu wawili."

"Nitaifanya, baba."

"Na jibini atakula la mmoja!" Floarea akadakia.

Mlima mzima ukaangua kicheko. Kofia zilirushwa juu, na ya Toader ikapaa kuliko zote.